Simu Haina Mbalamwezi

Wanachuo wenzangu, semina za mitandao ya kijamii zinafanana. Anakuja mgeni, anawasha projekta, anatuambia simu inatuharibia akili, anatutaka tufute programu, tunapiga makofi. Kabla hajamaliza kukunja nyaya zake, nusu ya ukumbi imeshampiga picha na kumposti. Nimekaa kwenye semina tatu za namna hiyo tangu mwaka wa kwanza, na kila nikitoka nabaki na swali moja: huu ushauri wa kufuta unamhusu nani hasa? Maana nyumbani kwetu Mwigobero, pale Musoma mjini, kuna watu wawili chini ya paa moja wanaotumia mitandao ileile. Ushauri huo ungemfukarisha mmoja na usimsaidie kitu mwingine. Wa kwanza ni mama. Wa pili ni mdogo wangu wa kike.

Kwa ambao hamjafika, Mwigobero ni mwalo na soko kwa pamoja. Mitumbwi inaingia kutoka Kinesi, ng'ambo ya ghuba upande wa Rorya, na kutoka visiwani, imebeba abiria, sato, sangara na magunia ya dagaa. Mama anauza dagaa. Zamani alikuwa akikaa na mzigo mpaka mteja apite. Siku hizi anachota dagaa kiganjani, anawapiga picha juani ili mteja wa Tarime aone kama wana mchanga, anatuma WhatsApp, anangoja ujumbe wa sauti wa kuombwa apunguze bei. Stetasi yake ya asubuhi ina maneno mawili tu: "Mzigo upo." Kwake simu ni kama mizani au beseni, ni kifaa cha kazi. Mwambie afute programu, umemwambia afunge biashara.

Sasa nendeni na mimi mpaka Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri chuo na majina ya mkopo. Kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, WhatsApp ikagoma. Instagram nayo, Facebook nayo. Kesho yake ndipo tulipofahamu kwamba mafundi wa Facebook wenyewe, katika kazi ya kawaida ya matengenezo, walikuwa wameikata mitambo yao na mtandao wa dunia, na dunia nzima ilikaa hivyo kwa saa sita hivi. Telegram ilitangaza kwamba ilipokea watumiaji wapya zaidi ya milioni 70 siku ile. Sisi pale mwaloni hatukujua hayo. Mmoja alizima simu na kuiwasha mara nne. Wawili walinunua bando jipya juu ya bando ambalo halijaisha. Mama alijaribu mara mbili, akasonya, akapiga simu ya kawaida, wakapatana bei na mteja wake, akaendelea kufunga magunia.

Lakini kilichonikaa kichwani ni wale vijana wa kijiweni. TikTok ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo mpaka saa mbili usiku kila mtu alishajua kuwa tatizo ni la dunia nzima na hakuna la kufanya. Kuna mmoja nilimwangalia kwa makusudi. Anatoa simu, anafungua WhatsApp, anaona iko vilevile, anairudisha mfukoni. Dakika tano hazijaisha anaitoa tena. Kichwa chake kilijua, ila kidole kilikuwa hakijapata taarifa.

Nilipata jina la jambo lile mwaka wa pili, kwenye Saikolojia ya Elimu, kozi ambayo sisi wa ualimu tunaisoma kwa lazima na wengi tunaisoma kwa madesa. B. F. Skinner, Mmarekani, aliwafungia njiwa kwenye visanduku na kuwafundisha kudonoa kitufe ili wapate punje. Yeye na mwenzake Charles Ferster walichapa kitabu kikubwa cha majaribio hayo mwaka 1957. Ukimpa njiwa punje kila anapodonoa, halafu ukakata, anaacha upesi. Ukimpa mara baada ya madonoo matatu, mara baada ya arobaini, bila mpangilio, anadonoa kama mwendawazimu, na hata ukikata kabisa anaendelea kwa muda mrefu sana. Kinachomshika ni kutojua. Wanaobeti wanaelewa bila kufundishwa. Mkeka ungekuwa unachanika kila wiki, mtu angeshaacha. Unachanika, unachanika, halafu siku moja unatiki.

Mtandao umejengwa hivyo. Kitufe cha laiki kiliingia Facebook mwaka 2009 na kikatupa kitu cha kuhesabu. Hata kabla ya hapo, mwaka 2006, kijana anayeitwa Aza Raskin alibuni ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, unaposhuka kinakuja kingine na kingine. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Gazeti hili lina ukurasa wa mwisho, ukifika pale unaondoka. Instagram haina.

Hiyo ni nadharia, na nadharia tunayo ya kutosha. Ngoja niwaambie ya nyumbani.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne Novemba 2023. Mama akampa simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, amsaidie kupiga picha za mzigo. Desemba akarekodi kideo. Wanawake watatu wa mwaloni wanabishana nani ana dagaa wasio na mchanga, na yeye peke yake anaziigiza sauti zote tatu. Ana kipaji, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Akaiposti TikTok, akalala. Asubuhi watazamaji elfu kumi na kitu. Wiki ilipoisha wamepita elfu arobaini, na sokoni watu wanamwita kwa maneno ya kwenye kideo.

Cha pili kilipata mia tatu. Cha tatu mia moja na themanini. Cha nne, ambacho hata yeye alikiona kibovu, elfu sita. Hebu ziangalieni hizo namba kwa jicho la Skinner. Vingepotea vyote baada ya kile cha kwanza, nadhani angekata tamaa akarudi kuchambua dagaa. Vingefanikiwa vyote, angezoea. Ile elfu sita isiyo na sababu ndiyo iliyomkamata.

Mwisho wa Januari mama alinipigia. Hakuanza na habari za masomo, jambo ambalo si kawaida yake. "Baba, mdogo wako halali," alisema. "Na mwaloni haendi tena. Wewe si unasoma hayo mambo ya akili? Njoo."

Nilifika katika ile likizo fupi ya katikati ya mihula, mwisho wa Februari. Usiku wa kwanza niliamka saa tisa nikaona mwanga ndani ya chandarua chake. Asubuhi sikumsema. Nilimwuliza tu kwa nini haendi mwaloni, akanionyesha. Chini ya kile kideo cha kwanza kulikuwa na komenti mamia, karibu zote za kumsifia. Katikati yake kulikuwa na moja: mtu kaandika kwamba harufu ya dagaa inapenya mpaka kwenye kioo cha simu. Ilikuwa na laiki kumi na mbili. Kumi na mbili tu.

"Kaka, siyo kwamba wamenisema wengi," alisema. "Ni huyu mmoja. Tumekaa naye dawati moja. Anajua kwetu."

Hapa kuna mwanasaikolojia mwingine wa kumkumbuka, Leon Festinger, ambaye mwaka 1954 aliandika kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na watu, na hupenda kujilinganisha na wale wanaofanana naye. Ndiyo maana magari ya Diamond Platnumz hayamnyimi mtu usingizi pale Mwigobero. Diamond yuko mbali, ni kama mbingu. Anayekuumiza ni yule mliyekuwa mnagawana kalamu, ambaye sasa yuko Mwanza, kapiga picha mbele ya duka la watu na kaandika "Mungu ni mwema". Zamani angehamia Mwanza ukamsahau. Leo unalala naye ndani ya chandarua.

Na kampuni zenyewe zinajua. Siku moja baada ya ule mgomo wa Oktoba 2021, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, Frances Haugen, alikaa mbele ya Baraza la Seneti la Marekani akieleza nyaraka alizozitoa ndani ya kampuni. Mojawapo ilionyesha kwamba kati ya wasichana wadogo waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwaongezea kujisikia vibaya. Huo ni utafiti wa mwenye duka kuhusu bidhaa yake.

Lazima niwe mkweli hapo. Si kila utafiti unasema simu inaua. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kukuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Ni kidogo mno. Mtu wa semina hawezi kukuonyesha hiyo. Ila vijana wale walikuwa wa Marekani na Uingereza, na wastani ni wastani. Mama hakuniita kwa ajili ya wastani. Aliniita kwa sababu msichana mmoja kaacha kwenda mwaloni, na yeye kalazimika kumlipa kibarua wa kuchambua dagaa kila siku, na hela hiyo ndiyo iliyokuwa ya godoro na sare za kidato cha tano.

Nilichofanya kilikuwa kidogo. Nilimpa daftari nikamwomba, kwa siku moja tu, kila akifungua TikTok apige mstari, na akikuta kitu kipya aweke duara. Jioni tulihesabu mistari hamsini na minne. Maduara tisa. Alilitazama lile daftari muda mrefu. "Kumbe hata nisipokuta kitu naenda," akasema. Sikuongeza neno, lilikuwa limeshasemwa.

Usiku ule mjomba alikuwa kwetu. Anavua dagaa upande wa Rukuba, na siku hizo mwezi ulikuwa mkubwa, kwa hiyo alikuwa nchi kavu. Nyote mnajua mfano wa dagaa na taa, kila anayezungumzia mitandao Kanda ya Ziwa lazima autumie: mvuvi anawasha karabai, siku hizi taa za sola, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mimi mfano huo naona una kasoro. Dagaa hajiposti. Hajali dagaa mwenzake kapata laiki ngapi. Mdogo wangu anafanana zaidi na mvuvi mwenyewe, anayetoka kila usiku bila kujua atarudi na nini, jana ndoo arobaini, leo tatu, na hizo arobaini za jana ndizo zinazomtoa tena leo. Nikamwambia mjomba hivyo, nikamwuliza mbona basi wavuvi hawarukwi na akili.

Alicheka. "Nani kakwambia haturukwi?" Halafu akafikiri kidogo. "Lakini sisi mwezi unatulaza, mpwa wangu. Ukitoka mwezi, taa yako haina maana, dagaa hawaji. Unashona wavu, unalala, unahudhuria harusi. Na huna wivu, kwa sababu hata yule tajiri mwenye injini kubwa yuko nyumbani kama wewe. Mngekuwa mnapumzika mmoja mmoja, nani angekubali kupumzika?"

Nimemaliza karibu miaka mitatu ya saikolojia na sijasoma sentensi iliyonisaidia kuliko hiyo. Tunafundishwa kwamba kuacha simu ni nidhamu ya mtu binafsi. Sidhani. Kinachochosha ni kupumzika peke yako huku wenzako wako ziwani.

Mama ndiye aliyeligeuza kuwa kitendo. Kesho yake alileta ndoo ya plastiki yenye mfuniko akasema saa nne usiku simu zote zinaingia humo, ya mdogo wangu, yangu, na yake yeye. Ya kwake ndiyo iliyonishangaza, maana nilidhani atajitoa kwa sababu ya wateja. "Mteja wa dagaa saa nne naye amelala," alisema. Siku mbili za kwanza mdogo wangu alikuwa kama mtu mwenye homa. Wiki ya kwanza haijaisha, mwanga ndani ya chandarua haukuwepo tena. Mwezi Machi alirudi mwaloni. Sitaki kuwadanganya kwamba amepona. Nilipoondoka ndoo ikaanza kulegea, siku nyingine mfuniko haufungwi. Ile komenti hajaifuta. Bado anaisoma.

Halafu ikaja Mei. Mnakumbuka wote, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, na intaneti ya Tanzania nzima ikawa ya kunyonya kwa mrija. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga ofisi siku mbili. Wenye asaimenti za kutuma waliumia, na waliokuwa wanasubiri hela za mtandaoni waliumia zaidi, sitaki kulipamba tukio lile. Lakini nendeni mkakumbuke hosteli zilivyokuwa. Vimbweta vilijaa watu wanaobishana mpira kwa midomo. Mwenzangu wa chumba, ambaye tangu mwaka wa kwanza sijawahi kumwona amelala kabla ya saa saba, alilala saa nne usiku Jumatatu ile. Nilimwuliza asubuhi. Alisema hakuna kilichokuwa kinampita.

Alikuwa na bando. Simu yake ilikuwa na chaji. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyekuwa anaposti, kwa hiyo hakuna alichokosa. Ulikuwa ni mwezi mkubwa juu ya nchi nzima.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi, nalo halihitaji bajeti. Darasani kwetu muhula huu kuna jaribio lililohamishwa ukumbi kwa tangazo la kundi la WhatsApp saa sita kasoro usiku. Waliolala walikwenda asubuhi kwenye ukumbi mtupu. Sasa niambieni, baada ya hapo nani mwenye akili zake atazima simu usiku? Watatu waliokosa jaribio lile walifundisha watu mia na themanini kulala na simu mkononi. Mnaweza kufanya semina kumi, tangazo moja kama lile linazifuta zote. Ninachoomba ni kanuni moja ya kukubaliana na idara: tangazo la masomo likitumwa baada ya saa nne usiku lihesabike limetumwa asubuhi saa moja, na asiyeliona usiku asiadhibiwe. Maklasi ripu watapumua pia, maana wao ndio wanaoulizwa maswali saa nane za usiku. Anayetaka kuperuzi mpaka kuche ni haki yake na ni bando lake. Ila anayetaka kulala asilipe kwa jaribio.

Kuna watakaosema wanachuo ni watu wazima, wajisimamie. Wavuvi pia ni watu wazima.

Mdogo wangu amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, na anaripoti mwezi ujao. Simu haziruhusiwi huko, kwa hiyo mwezi wake utakuwa mkubwa kwa miezi mingi, apende asipende. Ameshanunuliwa godoro. Amerekodi video kumi na moja za kuweka akiba, ameniachia simu na nenosiri, na ameniomba niwe naposti moja kila wiki mbili, kisha nimwandikie kwenye barua zimepata watazamaji wangapi. Kuposti nimekubali. Kuhusu idadi bado tunabishana, na mama amesema hilo tusimwingize.